Mrejesho: siku moja Disneyland Paris na binti yangu

Wapendwa, mwezi uliopita niliuliza kama siku moja inatosha Disneyland Paris kwa mtoto wa miaka 5, na tuchague ipi kati ya bustani zake mbili za michezo. Tumerudi salama, nawashukuru sana.

Tulishika ushauri wa kubaki bustani moja, ile ya kwanza iliyofunguliwa 1992. Treni ya abiria ya RER A kutoka katikati ya Paris ilituchukua kama dakika 40, na kituo cha mwisho kiko mlangoni kabisa. Geti lilipofunguliwa tukaenda moja kwa moja Big Thunder Mountain, treni ya michezo inayokwenda kasi kwa kupanda na kushuka. Kimo cha chini cha kuruhusiwa kuipanda ni sentimita 102. Binti yangu ana 105, na aliyenisisitiza nimpime nyumbani Mungu ambariki. Treni ile inapita handakini chini ya maji hadi kisiwani! Alinibana mkono mpaka ukafa ganzi, kisha akasema, “Mama, tena.”

Kufikia saa tano foleni zilikuwa ndefu mno, tukatafuta benchi tukala chapati zetu. Kile kigari cha mtoto nilichotaka kukiacha ndicho kilichotuokoa: alilala humo alasiri, na fataki zilipolipuka juu ya kasri usiku, alikuwa macho.