Tupeane uzoefu: mtoto aliyechelewa kuongea, mlianzia wapi?

Mama wa Nyegezi

Habari za jioni wanajamvi. Nina kijana wangu, katimiza miaka minne mwezi uliopita. Leo anaongea mpaka jirani ananiambia mama nanii hebu mnyamazishe. Lakini akiwa na miaka miwili na nusu alikuwa na maneno manne tu: mama, maji, ta (taa), na "bu", yaani gari lolote lile, kuanzia hiace mpaka lori la mkaa.

Miezi minane nzima nililishwa "wa kiume huchelewa, atasema tu". Hiyo miezi ndiyo inayoniuma. Mama mkwe, namheshimu sana, akasema tumkate kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Jirani akabisha: si kimeo, ni udata, ulimi umeshikwa chini. Nimekuja kuelewa kwamba kimeo hakihusiani na mtoto kuchelewa kuongea, na wanaokatwa mitaani wengine huvuja damu vibaya au kupata maambukizi. Udata nao unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na pengine kutamka baadhi ya sauti, lakini haumnyimi maneno. Mwenye udata ataongea, hata kama anapindisha. Wangu maneno yenyewe hayakuwepo.

Daktari wa watoto hakugusa ulimi kwanza. Aliniuliza: anasikia? Nikajibu haraka, anasikia, nikimwita anageuka. Akatikisa funguo nyuma yake, mtoto akageuka. Nikamtazama daktari kama vile nimeshinda. Kisha akamnong'oneza jina lake kwa nyuma. Kimya. Akarudia. Kimya. Kumbe mafua yasiyokwisha yalikuwa yameacha majimaji nyuma ya ngoma za masikio, mwanangu anatusikia kama mtu aliyezama ziwani anavyowasikia walio ufukweni. Alitibiwa masikio, ndipo tukapelekwa kwa mtaalamu wa usemi.

Nilitegemea vidonge au mashine. Nikakuta mkeka, gari la plastiki na kichupa cha mapovu ya sabuni. Dada yule mtaalamu akapuliza mara moja, mtoto akacheka, dada akafunga kichupa na kukaa. Mimi nikaanza, "Sema puliza! Sema!" Akaninyooshea kiganja ninyamaze. Tukakaa. Mtoto akatazama kichupa, akamtazama yeye, akatazama kichupa tena. Nilihisi ni nusu saa, nadhani hazikufika sekunde kumi. "Pu." Mapovu yakajaa chumba, na mimi machozi.

Kazi kubwa ilikuwa nyumbani, robo saa kila siku, TV imezimwa. Nikae chini usawa wa macho yake, niache mtihani wa "hii nini?". Akisema "bu", mimi naongeza kidogo: "Bu kubwa! Gari kubwa limepita." Nimpe cha kuchagua: ndizi au chungwa? Halafu ningoje. Kungoja ndiko kulikonishinda kuliko yote.

Nawasilisha. Wengine mlianzia wapi?

Baba wa Sengerema

Pole na hongera dada. Sisi kwetu ilikuwa lugha. Nyumbani bibi anaongea Kisukuma, sisi Kiswahili. Mwalimu mmoja wa chekechea akatuambia tunamchanganya mtoto, tuache Kisukuma. Tukaacha. Matokeo yake bibi, ambaye ndiye anashinda naye, akawa hana la kumwambia mjukuu. Nyumba ikapoa.

Mtaalamu alipohesabu maneno ya binti yangu alihesabu ya lugha zote mbili. "Minzi" ni neno, "maji" ni neno. Akasema lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, bibi arudishiwe kazi yake. Wakati huo, kwenda kwa mtaalamu, tulikuwa tunavuka Kigongo kwa kivuko, saa nzima foleni na mtoto analia. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 sisi tulishamaliza safari zetu, ndiyo bahati ya maskini.

Ushauri wangu: mrekodini mtoto kwa simu akiwa nyumbani anacheza. Wangu akifika kliniki anakuwa bubu, video ndiyo iliyomsemea.

Mvuvi mstaafu, Kirumba

Wangu ana miaka mitatu anasema "lafiki" badala ya rafiki. Nimpeleke?

Mama wa Nyegezi

Mkuu, kanda yetu hii ya Ziwa tukipeleka kila anayesema l badala ya r foleni itafika Usagara, na wewe baba mtu utakuwa ndani yake 😂. Kwa miaka mitatu r bado ni mapema. Jiulize kama mgeni anamwelewa sehemu kubwa ya anachosema. Mimi niliambiwa nihofie haya: mwaka mmoja hanyooshi kidole wala kupunga mkono, mwaka na nusu hana neno, miaka miwili haunganishi maneno mawili kama "mama njoo". Na mtoto aliyekuwa na maneno kisha yakapotea, huyo usingoje hata wiki, umri wowote.

Ticha wa Buhongwa

Naongeza kigugumizi. Mwanangu alianza akiwa na miaka mitatu, ghafla, "ni-ni-ni-nipe". Kila mtu alimwambia vuta pumzi, anza upya. Akaanza kufunga macho na kupiga mguu chini ili neno litoke. Tuliambiwa tuache maelekezo yote: mtazame, msubiri amalize, usimmalizie, wewe mwenyewe punguza kasi. Wengi huacha wenyewe, ila akianza kujikaza hivyo au ikizidi miezi sita, mwone mtaalamu. Shida ni kwamba wataalamu ni wachache na wengi wako Dar. Sisi tulionana naye mara mbili, mengine kwa simu.

Mgeni, Igoma

Wangu ana miaka miwili na miezi mitatu. Nimesoma uzi hadi hapa, nikazima TV, nikamwita kwa kunong'ona akiwa amenipa mgongo. Mara tatu. Hajageuka. Naanzia wapi kesho?

Mama wa Nyegezi

Anza hospitali iliyo karibu nawe, sema unataka masikio yaangaliwe, uombe rufaa ya hospitali ya Bugando hapa Mwanza, kitengo cha masikio, pua na koo. Beba kadi yake ya kliniki. Na mtoto ashibe kwanza, foleni ni ndefu.