Altezza ya mbio bila moteri: niiuze nzima au niifungue vipande?

Muulizaji, Kampemba
Wakubwa kwa wadogo, jambo toka Lubumbashi. Naomba shauri la haraka.

Nina Toyota Altezza RS200, chasi SXE10, volan (usukani) ya kulia. Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, aliitengeneza kwa mbio za saketi alipokuwa akiishi Zambia. Ndani hakuna zulia wala kiti cha nyuma, ni keji ya mabomba ya chuma iliyochomelewa kumlinda dereva, viti 2 vya mbio, mikanda ya pointi 6, shoki za kurekebisha urefu na difu ya Torsen, ile inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure. Bwate ya gia 6 iko. Moteri, ile 3S-GE ya BEAMS, aliitoa akaiuza peke yake kabla ya kuhamia Ulaya. Sasa motokari iko uani kwangu na yeye anataka iondoke kabla mvua haijaanza.

Mtu wa vyuma vikuukuu anatoa dolari 700 na anataka kuikata. Mwingine anataka viti na rimu tu. Yaya alichomelea keji ile usiku baada ya kazi, na inaniuma kuona inakatwa. Nifanye nini?

Fundi wa Kamalondo
Mdogo wangu, huyo wa vyuma mwambie asubiri. Na rimu usiuze kwanza. Motokari isiyo na moteri lazima iviringike, ipinde na ishike breki, la sivyo kuipandisha kwenye lori ni vita, na mnunuzi atakukata bei kwa hilo peke yake.

Thamani yako kubwa iko kwenye keji na karoseri, yaani bodi. Ukiikata keji, inabaki mabomba. Mtu wa mbio atauliza kwanza unene wa chuma. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kwa bomba kuu, lile la nyuma ya kichwa cha dereva, zinataka kipenyo cha milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0, chuma kisicho na mshono. Kipenyo pima mwenyewe. Unene huwezi kuuona kwa macho, kwa hiyo mwombe yaya risiti ya mabomba. Kisha piga picha za karibu: miguu ya keji inapokutana na sakafu, mahali pa kuwekea jeki, minara ya shoki. Penye kutu onyesha kutu.

Swali la pili litakuwa la nyaya. Je, mkanda wa nyaya na kompyuta ya moteri viliondoka na moteri, au vimebaki?

Kijana wa Ruashi
Kwani asitie 3S ya RAV4? Hizo zimejaa mjini. Ikiwaka, bei inapanda.

Fundi wa Kamalondo
Hapana, mwanangu. Herufi zinafanana lakini ile ya RAV4 ni 3S-FE na imelala kwa upana. Ya Altezza inakaa kwa urefu, inasukuma magurudumu ya nyuma. Utabadilisha sampu (bakuli la oili), mikono ya kushikia moteri na mabomba ya hewa, halafu uwe na nguvu ndogo kuliko zile farasi 210 alizokuwa nazo. Anayeijua ataitoa siku hiyo hiyo. Wengi wanaonunua karoseri kama hii tayari wana moteri yao, mara nyingi ya familia ya JZ, zile za Toyota za silinda 6. Lexus IS300, ndugu yake Altezza, ilitoka kiwandani na 2JZ-GE, kwa hiyo nafasi ipo. Andika hilo kwenye tangazo.

Mpita Kasumbalesa
Mnunuzi wako yuko Zambia. Wanaendesha kushoto, volan ya kulia kwao si tatizo. Hapa kwetu anayetaka ya kutembelea mjini usimuuzie, hata akija na pesa mkononi. Ile keji bila kofia ngumu kichwani ni hatari, kichwa kinagonga bomba hata katika ajali ndogo. Na Afrika Kusini usihangaike, wanabana sana kuingiza magari yaliyotumika.

Shauri langu ni karatasi: karti roze (kadi ya usajili wa motokari), karatasi za DGDA (forodha), na namba ya chasi isomeke vizuri. Katika hati ya mauzo andika wazi kwamba inauzwa bila moteri, na kwamba namba ya moteri iliyo kwenye karatasi haimo tena.

Mama Vipuri, Likasi
Angalia lebo za viti na mikanda. Mikanda ya FIA ina mwaka wa mwisho umeshonwa hapo. Kama umepita, kwenye mashindano haikubaliki, na usiihesabu kwenye bei. Wengi husahau hilo.

Muulizaji, Kampemba
Asanteni sana. Nimepima: bomba kuu ni milimita 45, na yaya amenitumia risiti, unene 2.5. Nyaya na kompyuta vimo kwenye sanduku nyuma. Mikanda imepita muda, viti bado. Nifikirie bei gani?

Fundi wa Kamalondo
Jumlisha ambacho shoki, difu, bwate, viti na rimu vingeuzwa kimoja kimoja, ukichukua bei za watu wanaolipa kweli. Toa theluthi moja, maana mnunuzi anabeba vyote mara moja. Anza hapo, na chini ya nusu ya jumla usishuke. Risiti ya mabomba iwe picha ya kwanza ya tangazo. Akija mtu, mwache aisukume mwenyewe uani na akanyage breki. Ukipata mtu anayetaka viti tu, mwambie viti vinatoka baada ya karoseri kuuzwa, si kabla.