Shikamoo kwa usiyemjua: adabu au kukadiriana umri?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari zenu. Nina miaka 34. Sera ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamtambua kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35, kwa hiyo bado nimo, ingawa nimesimama mlangoni.

Juzi nimetoka sokoni Buguruni, kitenge kiunoni, mtoto wa dada yangu mgongoni, kapu mkononi. Konda wa daladala, mwanamume mwenye mvi kwenye ndevu, akaniambia: "Shikamoo mama, sogea nyuma." Mdomo ukawahi kuliko akili, nikaitikia marahaba. Tangu hapo najiona kama mtu aliyetia saini karatasi bila kuisoma.

Jumamosi nikapanda kituo kilekile, nimevaa jinzi, mtoto sina. Konda yuleyule: "Mambo, sista." Kumbe ile shikamoo hakunipa mimi, alikipa kitenge.

Hoja yangu: shikamoo ibaki kwa tunaofahamiana, mgeni apewe "habari", yatosha. Sikatai heshima. Kinachonikera ni mtu kunipigia hesabu kichwani, miaka mingapi, kaolewa, ana watoto, halafu jibu analitangaza mbele ya abiria. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa Dodoma

Dada una ugomvi na kitenge chako. Mimi nikishindwa kumkadiria mtu namwaga shikamoo. Akiwa mdogo atacheka, akiwa mkubwa nimepona. Ila mnyime mzee wa watu shikamoo pale msibani, utajadiliwa mpaka arobaini.

Mchangiaji wa Morogoro

Mimi niko ofisini, na huku ndiko shikamoo ilikopinda. Nina miaka 27, nimeajiriwa juzi tu, nikapewa meza na kiti cha kuzunguka. Mama anayefanya usafi, rika la mama yangu mzazi, asubuhi ya kwanza akanisalimu: "Shikamoo bosi." Nikajibu: "Shikamoo mama." Kila mmoja akawa anasubiri marahaba ya mwenzake, tukabaki tunatazamana, ndoo katikati. Kesho yake vilevile. Nilipomwomba tusalimiane "za asubuhi", wenzangu wakasema naringa, nakataa salamu. Siku nilipoamua kuitikia, nilijisikia vibaya mpaka jioni.

Halafu yupo mkubwa mmoja hapahapa, dereva wake anamzidi miaka zaidi ya 20. Anaitikia "marahaba" bila kuinua macho kwenye simu. Konda wa mleta mada alikosea hesabu, basi. Huyu hesabu anaijua, ila cheo kimemeza umri. Kama kuna shikamoo ya kupigwa marufuku, ni hiyo.

Mchangiaji wa Arusha

Salamu ya kitumwa hiyo. Maana yake nashika miguu yako. Tuiache kabisa.

Mchangiaji wa Tanga

Nilikuwa najiuliza mtu wa utumwa atafika saa ngapi. Ni kweli moo ni miguu. Lakini wanamuziki wakongwe walipoungana miaka ya 1990 wakaiita bendi yao Shikamoo Jazz, na hakuna aliyedhani wanaomba minyororo.

Na nyote mnaongea kana kwamba kipimo ni umri peke yake. Nina mjomba wa miaka 19, mimi nina 31. Nampa shikamoo na anaitikia, tena kwa sauti ya juu rafiki zangu wakiwepo. Mshenzi yule.

Mchangiaji wa Nairobi

Huku kwetu shikamoo niliitoa darasani na kwa nyanya, basi. Mtaani ni sasa, ni niaje. Lakini msidhani tumepona. Muuza mboga ameniita "mathe" wiki nzima na thelathini sijafika. Ondoeni hiyo shikamoo muone hesabu ikihamia kwa neno lingine.

Mchangiaji wa Mwanza

Nina miaka 61. Kijana ananipita na kuniambia "vipi mzee". Uzee wangu ameuona, shikamoo hajaiona? Mleta mada anataka nipewe habari kwa sababu hanijui. Mwanangu, walionijua wengi nimeshawazika. Usiponiamkia wewe usiyenijua, nani ataniamkia?

Mleta mada

Baba wa Mwanza, shikamoo. Hapo umenishika, na nimefuta "mgeni" kwenye hoja yangu kwa wenye umri kama wako. Wa Nairobi naye kaniharibia, maana nilidhani tatizo ni neno. Wa Dodoma bado sikubali: shikamoo ya kukwepa lawama msibani unajisalimia mwenyewe.

Leo asubuhi nimemkuta tena yule konda. Nimemuuliza umri, kasema 46. Nikampa shikamoo yake mbele ya gari zima. Hakuitikia. Kaninyooshea mkono tu: "Nauli, mama." Na nilikuwa na jinzi.