Kuwafunza viongozi wa vijana huduma ya porini, Amani

Mama Upendo, Muheza: Bwana Yesu asifiwe. Tunataka viongozi wetu wa vijana wajifunze kuongoza wenzao msituni Amani. Wengi wamekulia Tanga mjini, siafu tu mbio. Nianzie wapi?

Mzee wa Milimani: Ameni, dada. Anzia kwa wahifadhi: kibali na mwongozaji. Masika, Machi hadi Mei, usithubutu. Ule udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Mpe kijana mmoja ramani awafikishe mtoni, wewe kaa nyuma, kimya. Akikosea njia muulize, usimwonyeshe. Jioni, miguu ikiuma, someni 1 Wafalme 19. Eliya kachoka nyikani, anataka kufa. Hakuhubiriwa, alipewa mkate na maji, akalala, akalishwa tena. Hapo waulize nani leo kamwona mwenzake amechoka.

Kijana wa Ngamiani: Mtindo wenyewe si mgeni, Outward Bound, shirika la kufunza vijana porini, waliuanza Wales mwaka 1941. Ila huduma ya kwanza kabla ya yote, jamani! Wajue kufunga kifundo kilichoteguka.

Mama Upendo: Na wazazi wanaokataa mabinti wasilale porini?

Mzee wa Milimani: Nenda na akina mama wawili wanaoaminika. Wazazi waone majina yao kwenye barua.