Kiranja anafundishwa kuongoza au kuandika majina ya wapiga kelele?

MzaziChikongola
Wadau habari za asubuhi. Mwanangu yuko la sita hapa Mtwara mjini, tangu Januari ni kiranja wa usafi. Juzi karudi analia, kavuliwa ukiranja kisa wenzake watatu hawakuja na vidumu vya maji na yeye hakuwaandika. Namuuliza kwanini hukuandika, anasema mama wawili walikuwa wanaumwa na wa tatu kwao maji yamekata siku ya tatu, nikaona tugawane yaliyopo tu tukadeki darasa likaisha. Sasa mie nauliza, hapo si ndo kaongoza? Naona watoto wa umri huu, la tano mpaka kidato cha pili, ukiranja uwe wa zamu, wiki mbili mbili, na wachaguane wenyewe.

Mwl_Newala
Pole mzazi, ila msitufanye walimu kuwa maadui zenu. Darasa langu lina watoto 94, nikitoka kwenda ofisini dakika tano bila kiranja na daftari lake nakuta madawati yamepinduliwa. Hiyo ya kuchaguana watamchagua anayekuja na mabibo mengi mfukoni. Na zamani haya hatukuyajadili kabisa, mtoto alikuwa akitoka jando anajua kuongoza na kuongozwa, mjini mmeacha mila ndo maana mnatuletea watoto walaini.

Binti_Nachingwea
Mwalimu hapo kwenye mila umenigusa pabaya. Mie nimechezwa unyago nina miaka 11, nimekaa ndani wiki kadhaa na shule imefunguliwa, narudi nakuta wenzangu wako mbali kwenye sehemu na desimali na hesabu hazikunikaa tena mpaka leo. Uongozi nilioufunzwa mle ni kuinamisha macho na kunyamaza mkubwa anapoongea. Usitumie kitu hicho kumjibu mama wa watu anayeuliza habari ya vidumu.

Mwl_Newala
Nimesema jando, sijasema unyago. Soma vizuri.

Binti_Nachingwea
Kwahiyo wa kuongoza ni wavulana tu?

Kumbi_Tandahimba
Dada punguza jazba. Mie nimepita likumbi, yaani kambi ya jando, tulikuwa wavulana 18, moto ukizimika usiku hakuna anayeulizwa nani alikuwa zamu, tunaadhibiwa wote, kwahiyo hulali mpaka umehakikisha mwenzio kaamka. Mpaka leo wale ni ndugu zangu, nikifiwa wanakuja wote. Niambie somo gani la shule linampa mtoto kitu kama kile.

Binti_Nachingwea
Undugu sibishi kaka. Ila mlikuwa mnalinda moto au mnalinda migongo yenu? Mtoto wa huyu mama hakupigwa na mtu, kaona tu mwenzake hana maji kamgawia. Hiyo ndo inanipa raha mie.

Ligula_Juu
Mbona mnasahau michezo, UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, ilipokuja hapa Mtwara 2018 nlikuwa naenda kila siku kuangalia, kuna nahodha wa netiboli kimo kama kidumu lakini timu nzima inamsikiliza yeye, mwalimu yuko pembeni kakaa kimya. Tatizo wanaochezeshwa ni wale wenye kipaji, wengine 80 kazi yao kushangilia.

Shangani_Pwani
Ilikuwa 2019 mkuu, na 2021 ikarudi tena hapahapa.

Ligula_Juu
Sawa 2019. Hoja iko palepale.

Mzee_wa_Mikindani
Wanangu, haya Mwalimu Nyerere aliyaandika 1967, Elimu ya Kujitegemea. Watu wanakumbuka jembe tu, wanasahau kwamba alitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi za shule na kuamua mambo yao. Shuleni kwetu tulikuwa na mikorosho, tumepalilia, tumepulizia salfa, tumeokota, na hakuna siku hata moja tuliambiwa zimeuzwa kilo ngapi na hela imefanya nini. Laiti wangewapa watoto wanne tu lile daftari la mauzo, wapime, waandike, wasimame paredi wawasomee wenzao, nadhani tungekuwa na viongozi wengine kabisa kwenye vyama vyetu vya msingi vya ushirika wa wakulima, hizi AMCOS, leo.

Kumbi_Tandahimba
Mzee umeleta AMCOS humu, sasa hatulali 😀

MzaziChikongola
Shikamoo mzee, hilo la daftari la mauzo limenikaa. Mwl_Newala naomba unijibu kama mwalimu, mila tuweke kando. Ningekuwa mzazi wa darasani kwako ungenambiaje? Maana mtoto sasa ananiambia mama siku nyingine nitawaandika tu, na hilo ndo linaloniuma kuliko cheo chenyewe.

Mwl_Newala
Hilo la mwisho hata mie limenigusa. Mama, wiki mbili ni chache, mtoto hajazoea kusimama mbele anaondoka. Mwezi mmoja mmoja ningeweza, nianze na kundi la bustani, wachague wao mkubwa wao, na mwisho wa mwezi aeleze darasa walichofanya na walichoshindwa. Daftari la kelele silitoi, kwa watoto 94 siwezi.

Binti_Nachingwea
Na wasichana wawe zamu sawa na wavulana hapo bustanini. Hujanijibu lile swali langu mwalimu.

Kumbi_Tandahimba
Kumbi za Desemba hazigusi masomo, shule zimefungwa. Kwenu Nachingwea walikosea tarehe, msitukane mila nzima.

Binti_Nachingwea
Tarehe? Kaka ngoja nitoke sokoni nakuja.