Nimetolewa kwenye usaili wa zimamoto kwa sentimita moja na nusu. Nina kesi?

BintiMkakamavu

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa wanaojua sheria, na hata wasioijua lakini wamewahi kupita nilipopita mimi.

Mwezi uliopita nilifanya usaili wa kujiunga na zimamoto. Tangazo lilitaka kimo kisichopungua sentimita 165, mwanamume au mwanamke, hakuna tofauti. Kila nilipopimwa tangu nimalize shule nimekuwa 165, kwa hiyo nikaomba nikijua nagusa mstari.

Siku hiyo tulisimama foleni tangu alfajiri. Nikakimbia, nikapanda ngazi na mpira wa maji begani, nikaburuta gunia la mchanga uwanja mzima. Vyote nikafaulu, na kwenye mbio nilimaliza wa nne, mbele ya wavulana wengi. Kimo wakakiacha mwisho, jua likiwa linaelekea kuzama. Walikuwa wamebandika utepe wa fundi cherehani ukutani, nje, kwenye sakafu iliyoinamishwa ili maji yapite. Ofisa akaniwekea daftari kichwani, akatamka "mia sitini na tatu na nusu", mwenzake akaandika. Nikaomba nipimwe upya. Akaniambia nipishe wengine.

Kesho yake asubuhi nikaenda kupimwa hospitali: 165. Karatasi ninayo, ina muhuri na saini.

Nyumbani wamegawanyika. Kaka anasema niipeleke karatasi mahakamani na mambo yataisha siku hiyohiyo. Mama anaogopa nitachafua jina na sitapata kazi popote. Mimi silali. Je, nina kesi? Naomba kuwasilisha.

Kiranja

Pole sana dada, na hongera kwa mbio. Ila nitasema ninavyoamini. Tangazo uliliona, sharti ulilijua. Moto hauchagui wa kumhurumia, na aliyenaswa ndani ya gari anahitaji mtu mwenye uwezo wa kumtoa. Tukianza kupunguza sentimita mahakamani, kesho tutapunguza kilo, kesho kutwa tutafuta mbio. Mimi ningekushauri ujaribu idara nyingine.

MzeeWaRula

Mwanangu, mimi nimeshika kipimo cha kimo kwenye usaili kwa miaka kumi na minne, sasa nimestaafu. Habari yako imenichoma.

Kwanza, mwili. Mtu anaamka mrefu na analala mfupi. Pingili za uti wa mgongo zina vitu kama mito laini katikati yake. Ukisimama, ukikimbia na kubeba mizigo mchana kutwa, mito ile inabonyea. Kupungua sentimita moja hadi jioni ni jambo la kawaida kabisa, na wengine hufika hata mbili. Kwa hiyo kukupima baada ya kukubebesha gunia ni kukupima ukiwa mfupi kuliko saa yoyote ya siku hiyo.

Pili, namna. Kipimo halali kina mti ulionyooka na kibao kinachoshuka mpaka kikalie utosi. Miguu mitupu, visigino vimegusana na kugusa ukuta, macho yanatazama mbele sawasawa, kidevu hakijainuka. Unasoma mara mbili, na namba zikitofautiana unasoma ya tatu. Daftari likiinama kidogo tu mkononi mwa mpimaji, nusu sentimita imekwenda. Sakafu ya mteremko sitaki hata kuizungumzia.

Tuliwahi kumrudisha kijana asubuhi iliyofuata baada ya kulalamika sana. Aliongezeka sentimita moja na nukta mbili, akaingia. Usiku ule niliwaza wangapi niliowatoa jioni na hawakulalamika.

Na kuna hili la tatu, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia namba yetu ilitoka wapi. Nilimwuliza mkuu wangu, akasema aliikuta. Nikamwuliza aliyemtangulia, naye aliikuta. Kwenye faili kulikuwa na waraka unaotaja waraka mwingine, na ule mwingine haukuonekana. Tulikuwa tunapanga maisha ya vijana kwa namba isiyo na mwenyewe.

WakiliWaZamu

Dada, mzee amekufungulia milango miwili, na usipoitofautisha utapotea. Kila nchi ina utaratibu wake, lakini mantiki ya kesi hizi inafanana karibu kila mahali.

Mlango wa kwanza ni kupinga *kipimo*: unakubali sharti la 165, unasema ulipimwa vibaya na ukanyimwa nafasi ya kurudia. Ushahidi wako ni karatasi ya hospitali, saa ya kupimwa, aina ya kifaa, na mashahidi. Ni kesi nyembamba, na mara nyingi ukishinda unapata kupimwa upya tu. Kaka yako anadhani karatasi itakupa ajira. Mahakama huwa nzito sana kumwamuru mwajiri aajiri. Humwambia arudie uamuzi wake kwa haki.

Mlango wa pili ni kupinga *sharti lenyewe*. Hapa tangazo lako lina udhaifu mkubwa, kwa sababu linatumia kimo kimoja kwa jinsia zote. Linaonekana sawa, lakini wanawake kwa wastani ni wafupi kuliko wanaume, kwa hiyo linawatoa wao kwa wingi. Wanasheria tunaliita ubaguzi usio wa moja kwa moja.

Marekani, jimbo la Alabama lilitaka askari magereza wawe na angalau futi 5 na inchi 2, yaani kama sentimita 157, na ratili 120, karibu kilo 54. Dianne Rawlinson akakataliwa kwa uzito. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya nchi ile iliona kwamba masharti hayo mawili kwa pamoja yangewatoa zaidi ya asilimia 41 ya wanawake na chini ya asilimia 1 ya wanaume. Jimbo likajitetea kwamba linatafuta nguvu. Mahakama ikajibu: kama ni nguvu mnayoitaka, pimeni nguvu. Ujue pia kwamba katika hukumu hiyohiyo alishindwa kwenye hoja nyingine, ile ya kuwazuia wanawake kufanya kazi za kugusana na wafungwa katika magereza ya wanaume yenye ulinzi mkali. Watu husimulia ushindi wake tu.

Ugiriki, chuo cha polisi kilidai sentimita 170 kwa wote. Maria-Eleni Kalliri alikuwa na 168. Oktoba 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema si kazi zote za polisi zinazohitaji nguvu nyingi, na hata zinazohitaji, si lazima nguvu ifungamane na kimo. Kuna majaribio ya viungo yanayoweza kupima uwezo huo moja kwa moja. Na karibu zaidi na kazi yako: Italia, mwaka 1993, Mahakama ya Katiba ilitengua kimo kimoja kwa jinsia zote katika ajira za kitaalamu za zimamoto huko Trento.

Ila kesi ninayoipenda kuliko zote ni ya Canada. Tawney Meiorin alikuwa anazima moto wa misituni na kazi yake ilisifiwa. Serikali ikaleta jaribio jipya: kilomita 2.5 kwa dakika 11. Alijaribu mara nne, na mbio yake bora ilizidi kwa sekunde 49.4. Akapoteza kazi. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Canada ilimrudisha kazini na ikaacha maswali matatu yanayotumika mpaka leo: sharti lina uhusiano na kazi? Liliwekwa kwa nia njema? Na ni la lazima kiasi kwamba mwajiri hawezi kumzingatia mtu huyu bila kuumia kupita kiasi? Utafiti ulioleta namba ile ulipima wanaume zaidi, na haukutenganisha matokeo yao na ya wanawake.

Sasa nijibu: ulisaini chochote? Nani alikuona ukipimwa? Tangazo unalo? Na fanya haraka, maana muda wa kupinga uamuzi wa umma huwa mfupi, na ukipita hata hoja nzuri haisikilizwi.

Kiranja

Wakili, nakusoma kwa makini. Lakini kwa mantiki hiyo sharti gani litasalia? Kila jaribio lina wa kumwangusha.

WakiliWaZamu

Linasalia lile ambalo mwajiri anaweza kulitetea. Philadelphia, mamlaka ya usafiri iliwataka askari wake wakimbie maili moja na nusu ndani ya dakika 12, na wanawake wengi wakaanguka. Kesi ilipanda na kushuka kwa miaka, na mwaka 2002 mamlaka ikashinda, kwa kuwa ilileta tafiti zinazohusisha mbio hizo na mafanikio ya kukamata wahalifu. Mimi binafsi sikuridhika na hukumu ile, lakini naiheshimu: namba ilikuwa na mtu wa kuisimamia. Na hata kuweka namba mbili si kosa moja kwa moja. Huko huko Marekani, mwanafunzi wa chuo cha FBI alipiga pushapu 29 kati ya 30 za wanaume, akalalamika kwamba wanawake wanadaiwa 14. Mahakama ya rufaa mwaka 2016 ilisema namba tofauti zinakubalika zikiwa mzigo sawa kwa miili tofauti.

Kaka, huyu dada hajaomba mbio zifutwe. Amezikimbia.

Kiranja

Hilo la mwisho nimelipokea. Dada, nisamehe kukwambia utafute idara nyingine.

BintiMkakamavu

Nashukuru wote. Kaka Kiranja, hakuna neno. Mzee wangu, shikamoo, na asante kwa kusema uliyoyasema hadharani.

Wakili, sikusaini popote. Tangazo ninalo. Walioniona ni wasichana wawili waliokuwa nyuma yangu. Mmoja yuko tayari kula kiapo kuhusu utepe na ile sakafu. Mwingine amefaulu na anasubiri kuitwa, anaogopa, sitamsumbua.

Nimeamua kushika milango yote miwili, ila barua nimeanza na wa pili. Nimeipeleka leo, na nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Nimeomba fomu niliyoandikiwa kimo, aina ya kifaa kilichotumika, na waraka au utafiti wowote unaoeleza kwa nini 165. Yule wa mapokezi aliisoma mbele yangu, akarudia kusoma mstari wa mwisho, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli mtu anaruhusiwa kuuliza hilo. Nikamwambia ndiyo. Mama alikuwa amenisindikiza.