Wajukuu wa Mikindani: injini ya boti ndogo

Jumatano

Dada Somoe, 12:10: Asalaam alaikum ndugu zangu. Naomba kila mmoja asome ujumbe huu mpaka mwisho, kwa sababu mara iliyopita wengi mliweka dole gumba bila kujua mlichokikubali. Injini ya boti yetu ya mfano inatakiwa iwashwe Jumamosi asubuhi pale ufukweni, kabla kusi haijachangamka, ili tusije tukaaibishwa tena na wale vijana wa Lindi. Nataka kujua methanoli ya kuendeshea injini inaletwa na nani, itahifadhiwa kwa nani, na Kaka Issa amefikia wapi na pistoni.

Dada Somoe, 13:45: Naona alama za buluu nyingi na maneno hakuna.

Kaka Issa, 16:20: Waalaikum salaam, Dada. Nilikuwa kwenye mashine ya kukereza, simu niliiacha ndani. Bodi ya injini imekamilika, na krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imekaa kwenye beringi zake na inazunguka kwa kusukumwa na kidole kimoja. Shida iko kwenye silinda. Tulikubaliana tuige injini za dukani, ambazo pistoni yake ni ya alumini na slivu, yaani mrija wa ndani ya silinda, ni ya shaba ya njano iliyopakwa kromiamu kwa ndani, nayo huchongwa ibane kidogo upande wa juu injini ikiwa baridi, kisha ikae sawa ikishapata moto. Mtu wa kupaka kromiamu sijampata hapa Mtwara, na alumini ikisuguana na shaba tupu kwa kasi ile, vitang'ang'aniana kabla hata hatujapiga picha.

Chande, 16:24: Picha tupigeni leo basi, wakati bado ni nzima.

Kaka Issa, 16:31: Naendelea. Ninapendekeza slivu iwe ya chuma cha pua na pistoni iwe ya chuma cha kasti, bila ringi, kama walivyofanya mafundi wa zamani wa injini hizi. Kila kimoja kitasagwa kwa kifaa chake na unga wa msasa uliochanganywa na mafuta, kwa sababu tunazungumzia nafasi ya sehemu za mia za milimita. Vipimo vinabaki vilevile: upana wa silinda ni milimita 16.6, mwendo wa pistoni ni milimita 16, na ujazo unakaribia sentimita 3.5 za ujazo. Hii ya shaba niliyoijaribu jana, nikiipaka mafuta, nikaziba juu kwa dole gumba na kuisukuma pistoni, badala ya kunirudishia msukumo inapumua pembeni na kutoa povu.

Mjomba Bakari, 17:02: Kama slivu ya shaba haitakiwi tena, ninaomba ile bushi ya shafti mliyoichukulia shaba irudishwe. Ilitolewa kwenye mashua bila mimi kuulizwa.

Dada Somoe, 17:05: Mjomba, jambo hilo tulisema lisubiri.

Mjomba Bakari, 17:06: Limesubiri tangu Msangamkuu.

Shangazi Zuhura, 17:15: Tafadhali msianze mambo ya Msangamkuu humu. Kuna watoto wanasoma.

Kaka Issa, 17:20: Mjomba, kwa heshima zote, bushi imeshakatwa vipande vitatu.

*Ujumbe huu umefutwa.*

Dada Somoe, 17:28: Turudi kwenye mafuta.

Mwanahamisi, 18:40: Samahani, mimi nimechelewa kufuatilia. Kwa nini tuhangaike na methanoli wakati petroli ipo kila kituo?

Kaka Issa, 18:52: Kwa sababu injini hii haina koili wala sumaku ya kutoa cheche. Plagi yake ina kijiwaya cha platini ambacho tunakipasha kwa betri ya volti 1.5 wakati wa kuwasha tu, kisha betri inaondolewa. Methanoli ikiigusa platini yenye moto, huendelea kuipasha na kuifanya iwe nyekundu yenyewe, na kila pistoni inapokandamiza, mchanganyiko unawaka. Petroli haina tabia hiyo na platini, hivyo ukiiweka, injini itazima mara tu ukitoa betri.

Salumu, 19:10: Na ile naitromethani tuliyoisikia wakati wote?

Kaka Issa, 19:18: Hiyo inabeba oksijeni yake yenyewe. Kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri, methanoli huhitaji kama 6.4, lakini naitromethani huridhika na 1.7 tu. Maana yake unaweza kuingiza mafuta mengi zaidi katika silinda ileile, na nguvu inaongezeka. Kwetu haina haja. Mashindano ya kimataifa ya ndege za mfano za kasi huendeshwa kwa sehemu 4 za methanoli na sehemu 1 ya mafuta ya kulainisha, bila naitro hata tone, na injini zao zinalia kutushinda. Nitapunguza shimu, yale mabati membamba, chini ya kichwa ili mgandamizo uongezeke. Mafuta yenyewe ya kulainisha ni ya nyonyo, na hayo Shangazi Zuhura anajua yanakopatikana.

Chande, 19:20: Mafuta ya nyonyo? Boti hiyo haitashindana, itatafuta choo.

Salumu, 19:21: 😂😂 Wa Lindi watakaa nyuma yake kwa hiari yao?

Mwanahamisi, 19:21: Bibi alikuwa akitushika pua kwanza!

Dada Somoe, 19:26: Mnacheka wakati hatujui methanoli italala wapi. Nimepata duka la kemikali Dar es Salaam lenye lita 4. Chande, wewe una rafiki kwenye basi.

Chande, 19:30: Dada, hapo sifanyi mzaha. Basi la abiria halibebi kitu cha namna hiyo, na rafiki yangu ana watoto. Itafutwe gari ya mizigo inayokubali kwa uwazi.

Dada Somoe, 19:33: Sawa. Ikifika itakaa kwenye stoo ya Babu, pale kwenye magunia ya korosho, kama kawaida ya vitu vyetu. Asiyekubali aseme sasa.

Alhamisi

Babu (kwa simu ya Rehema), 06:12: Nimesomewa yote. Methanoli hailali katika nyumba yangu. Issa aliwahi kunieleza mwenyewe kwamba moto wake mchana hauonekani, na kwamba mtu akiinywa anapofuka au anakufa. Stoo ile watoto wanaingia kuchukua madumu ya maji. Injini haitawashwa mpaka Issa atamke kwamba iko tayari, na siku hiyo hakuna mtoto atakayesimama usawa wa flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Habari ya bushi mtaizungumza mbele yangu, mkiwa mmekaa, si humu.

Shangazi Zuhura, 07:40: Shikamoo Baba. Tumesikia.

Kaka Issa, 07:55: Shikamoo Babu. Tumekuelewa.

Dada Somoe, 08:30: Shikamoo Babu, na ahsante kwa neno lako. Basi Jumamosi tutakutana ufukweni kama tulivyopanga, ila tutafanya majaribio mafupi.

Kaka Issa, 08:41: Dada, mimi sijatamka Jumamosi. Kipande cha kasti bado ninakitafuta kwa wauza vyuma chakavu. Halafu kichwa cha injini hii kinapozwa na maji yanayosukumwa na mwendo wa boti kupitia kimrija kilicho nyuma ya propela, kwa hiyo ikiwa mezani hakuna maji yanayopanda. Tunahitaji ndoo iliyoinuliwa na mpira wa kuteremsha maji. Propela nayo iwe ndani ya maji, kwa sababu ikizunguka bila mzigo mkono wa pistoni niliouchonga unaweza kukatika ukaruka. Na tukitoka baharini, isuuzwe kwa maji baridi, maana chumvi na methanoli vikikutana kwenye beringi, kutu haisubiri kesho.

Dada Somoe, 08:50: Ndoo nitaleta mimi. Na mafuta yahifadhiwe wapi?

Shangazi Zuhura, 11:25: Banda letu la nyavu halina watoto na lina kufuli. Ila mwenye banda yuko baharini, siwezi kusema ndiyo kabla hajarudi.

Mwajuma (Masasi), 14:03: Nimetuma mchango wangu. Je, hii bado ni ile boti ya umeme?

Dada Somoe, 14:05: Umepokelewa, Mwajuma. Soma kuanzia jana. Kaka Issa, nipe siku.

Dada Somoe, 16:48: Kaka Issa?

Mjomba Bakari, 17:30: Nitakuja kwa Babu kesho baada ya swala ya Ijumaa. Vile vipande vitatu viwepo.

Dada Somoe, 17:34: Mjomba, na mchango wako je?